Mtoto akiingia chuo kikuu, haki zake zisibaki getini

Na Mwandishi Maalumu, Rumonge

ILIKUWA siku ya soko hapa Rumonge. Boti za usiku zilikuwa zimekwisha kurudi, ndagala zimeanikwa, na wachuuzi wa mawese wamejipanga na madumu yao kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Nilikuwa katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari, ndipo aliponijia mama mmoja jirani yangu, mfanyabiashara wa ndagala na mawese. Alikuwa bado na kanga ya kazini. Nilimkaribisha kiti, hakuketi.

"Mwalimu, samahani kukuvamia kazini," aliniambia. "Mtoto amepiga simu usiku, analia."

Mtoto huyo nilimfundisha mimi mwenyewe Kiingereza na Kiswahili. Ni wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Bujumbura, ambacho jina lake nitalihifadhi. Matokeo yalipobandikwa ukutani, mbele ya jina lake, kwenye somo moja, palikuwa patupu. Hakupewa sifuri, hakupewa kumi, palikuwa patupu. Alipouliza aliambiwa kwamba hakufanya mtihani, kwa hiyo itambidi alirudie somo hilo mwaka unaofuata na kulilipia upya.

"Na mtihani ameufanya," alisema mama yake. "Mimi makaratasi ya chuo siyajui, mwalimu, ni Kifaransa kitupu. Wewe uliyesoma, tufanyeje?"

Ndugu msomaji, jibu nililompa mama yule ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nilimwambia: "Dada yangu, mwambie avumilie. Akipiga kelele, watalishika jina lake."

Alinitazama, akashukuru, akaenda zake sokoni. Nikarudi kwenye madaftari yangu, lakini kalamu haikwenda.

Ukimya tuliorithi

Wapo watakaoshangaa kwa nini mwalimu mzima, mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, amwambie mzazi anyamaze wakati mtoto wake anadhulumiwa. Wasomaji waliozaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo hawatashangaa. Jibu lile sikulitunga mimi. Nililikuta nyumbani kwa baba yangu.

Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia huku huku kwetu. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na kuua watu, na kisasi cha jeshi kilichofuata kikaenea nchi nzima na kuua makumi kwa makumi ya maelfu. Waliolengwa zaidi na kisasi kile walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi na wanafunzi. Katika chuo kikuu cha Bujumbura na katika shule za sekondari, wanafunzi waliitwa kwa majina, wakatolewa madarasani, wasirudi. Wazee wetu waliokimbilia Tanzania walivuka na funzo moja: ukisoma, usijulikane, na jina lako likiitwa, usiitike.

Mimi nilizaliwa makazini, nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama mtoto yeyote wa Tanzania. Serikali ya nchi ile ilitutendea wema ambao hatutausahau. Lakini mkimbizi alibaki mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka awe na kibali ndipo atoke katika eneo alilopangiwa. Nilipokwenda kusomea ualimu katika chuo kimoja, nilikwenda na kibali mfukoni kama wengine wanavyokwenda na kitambulisho.

Katikati ya mwaka niliambiwa kwamba karo niliyolipa ni ya raia na kwamba mimi nilipe ya mgeni. Barua ya kunipokea ilikuwa imeandika karo ile ile niliyolipa. Barua hiyo nilikuwa nayo. Chuo kilikuwa na serikali ya wanafunzi, na waziri wake wa elimu alikuwa akilala kitanda cha pili kutoka changu. Hata hivyo sikumwambia. Niliogopa kwamba mkimbizi akifika kwenye mkutano, kibali chake kitaangaliwa upya. Nilifunga sanduku, nikarudi makazini, nikalima tumbaku msimu mzima ili nipate fedha ya kurudi. Mwaka mmoja ulipotea.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule waziri wetu. Nilipomsimulia, alishika kichwa. "Ungeniambia tu, ndugu yangu," alisema. "Walikuwapo wengine watatu, na wote walirudishiwa."

Hilo ndilo ninalotaka wazazi wenzangu walielewe. Kunyamaza kuliwaokoa baba zetu mwaka 1972, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Lakini dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya kila ugonjwa.

Mfanyabiashara anifundisha

Tarehe hazikupita nyingi, mama yule akarudi. Safari hii aliketi.

"Mwalimu, nimefikiri," alisema. "Mimi nikivuka Mugina na mzigo, nikilipa ushuru napewa risiti. Kuna mwaka waliniambia sijalipa, nikaitoa, wakanyamaza. Sasa nauliza, mtihani hauna risiti?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtihani una risiti yake. Kila mtahiniwa anapoingia ukumbini hutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, na anapokabidhi karatasi hutia sahihi tena. Tulimpigia binti simu pale pale. Ndiyo, alitia sahihi mara mbili, na aliyekaa mbele yake na aliyekaa nyuma yake anawakumbuka.

Jioni ile tuliandika barua. Haikuwa ndefu, wala haikuwa na maneno ya ukali. Ilitaja jina na namba ya mwanafunzi, somo, tarehe na saa ya mtihani, ukumbi, na ombi moja: orodha ya mahudhurio iangaliwe na karatasi itafutwe. Binti aliitafsiri kwa Kifaransa mwenyewe. Aliichapa nakala mbili, akazipeleka kwa mkuu wa idara, akaacha moja, na ya pili akaomba ipigwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Karani alisita. Binti alisubiri. Muhuri ukapigwa.

Kabla ya kufanya hivyo alikwenda kwa mwakilishi wa darasa lao, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ilibainika kwamba walikuwa wanafunzi sita wenye nafasi tupu katika somo lile lile. Kila mmoja alikuwa amekaa na tatizo lake chumbani kwake akidhani ni mkosi wake peke yake. Barua ikawa ya watu sita.

Baada ya wiki kadhaa, bahasha yenye karatasi sita ilipatikana imechanganywa na mitihani ya kundi jingine. Binti yetu alikuwa amefaulu. Hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna jina lililoshikwa. Hata hivyo, ushindi haukuwa kamili. Wakati karatasi zinatafutwa, nafasi za mafunzo ya kazi zilikuwa zimekwisha kugawiwa, na yeye akabaki nje. Laiti mimi ningeshauri vizuri siku ile ya kwanza, huenda hata hilo lisingetokea. Nimemwomba mama yake radhi.

Haki hizi hazikuletwa jana

Baadhi ya wazee wetu hudhani kwamba haki za mwanafunzi ni jambo la vijana wa siku hizi, la kuiga Ulaya. Ukweli ni kwamba chuo kikuu na haki za mwanafunzi vilizaliwa pamoja, tena vilizaliwa kwa ajili ya watu kama sisi tunaovuka mipaka.

Katika karne ya 12, vijana kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakienda Bologna, nchini Italia, kusoma sheria. Wenyeji walikuwa na tabia ya kumkamata mgeni na kumlipisha deni la mtu wa kwao: Mjerumani mmoja akikimbia na deni, Mjerumani mwingine anashikwa. Mfalme Frederick Barbarossa alitoa amri ya kumlinda mwanafunzi aliye safarini, kwamba asilipishwe deni la mwenzake, na akishitakiwa awe na uhuru wa kuchagua kuhukumiwa na mwalimu wake au na askofu. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuzuiwa Baraka au Kigoma kwa sababu ya deni la mtu wa kijiji chake ataielewa amri hiyo bila kufafanuliwa. Aidha, wanafunzi wa Bologna waliungana wakaunda chama chao, na ni muungano huo wa watu ndio uliolipa jina neno tunalolitumia leo kwa Kifaransa na Kiingereza kwa maana ya chuo kikuu.

Tukija kwetu Afrika Mashariki, historia imeandikwa kwa gharama. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 wa Dar es Salaam walirudishwa makwao na Rais Julius Nyerere baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwakasirikia kwa kujali mishahara yao ya baadaye, lakini siku ile ile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1971, katika chuo hicho hicho, rais wa chama cha wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa na kuondolewa na polisi wenye silaha kwa sababu ya barua ya wazi ya kuukosoa uongozi. Akivaga alikuwa Mkenya. Waliogomea masomo kumtetea wengi wao walikuwa Watanzania. Kwao hakuwa mgeni. Alikuwa mwanafunzi mwenzao.

Burundi nayo ina kurasa zake, na nyingine ni nzito kusomwa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, milimani juu yetu huku Bururi, waasi waliwaamuru wanafunzi watengane, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa. Vijana 40 waliuawa wakiwa pamoja. Wale hawakuwa wa chuo kikuu, lakini kila ninapofundisha darasa lenye watoto wa makabila yote nawakumbuka. Haki ya kwanza ya mwanafunzi ni kuwa salama mahali anaposoma, na mlinzi wake wa kwanza ni yule anayekaa naye dawati moja.

Mwishoni mwa Aprili 2015, wakati wa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais, Chuo Kikuu cha Burundi kilifungwa na wanafunzi wakatakiwa kuondoka kampasini. Mamia hawakuwa na mahali pa kwenda. Walilala nje, karibu na ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura, kwa wiki nyingi. Tarehe 25 Juni, walipoondolewa hapo, walipenya chini ya geti wakaingia kwenye maegesho ya magari ya ubalozi. Picha zao zilienea duniani. Mimi nilipoziona niliwaza jambo la mzazi tu: mtoto wa Rumonge akifungiwa bweni usiku, analala kwa nani?

Halafu likaja suala la fedha. Mapema mwaka 2017 serikali ilibadili utaratibu wa bursari ya wanafunzi, ikawa mkopo utakaorejeshwa baada ya masomo. Mwezi Machi mwaka huo wanafunzi waligoma na baadhi ya wawakilishi wao wakakamatwa. Nchi nyingi hukopesha wanafunzi, na Tanzania ilianzisha Bodi ya Mikopo kwa sheria ya mwaka 2004. Mtu anaweza kuukubali mkopo au kuukataa. Lakini masharti ya deni hujadiliwa na mkopaji kabla hajatia sahihi, na anayeuliza maswali juu ya deni lake hastahili kutiwa ndani. Hilo nalo wafanyabiashara wa mwambao wanalijua kuliko mimi.

Familia moja, mipaka miwili

Liko jambo moja linalotuhusu sisi *abahungutse*, yaani tuliorudi, kuliko Warundi wengine. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walipoulizwa wanataka nini, zaidi ya 160,000 walichagua kuomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 walirudi. Mara nyingi mgawanyiko huo ulipita ndani ya nyumba moja. Kaka yangu mkubwa alibaki Katumba, mimi nikarudi. Leo mtoto wake anaweza kuomba mkopo wa Bodi kwa sababu ni Mtanzania. Wangu hawezi, kwa kuwa mikopo ile ni ya raia. Wangu anaweza kuomba msaada wa serikali ya Burundi. Wa kaka yangu hawezi.

Kutokana na hali hiyo, wapo wanaoshawishika kumwandikisha mtoto wa ndugu kama mtoto wao, apate mkopo au karo ya raia. Nasema wazi, kwa kuwa nimeombwa nifanye hivyo na nimekataa: mtoto anayesoma kwa karatasi ya uongo hana haki hata moja anayoweza kuidai. Akinyimwa maksi atanyamaza. Akiombwa rushwa atatoa. Akitishwa na mtu anayeijua siri yake, atakuwa mateka wa mtu huyo mpaka siku ya kuhitimu, na pengine baada ya hapo.

Njia halali ipo, ingawa ni ndefu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inawaruhusu raia wa nchi wanachama kusafiri na kukaa katika nchi nyingine, wakiwamo wanaokwenda kusoma, na inazitaka nchi zitambuane vyeti. Lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Kongo nayo ilijiunga mwaka 2022, kwa hiyo hata jamaa zetu wa Uvira, Baraka na Fizi wamo.

Lakini itifaki haimbebei mtoto cheti. Mwenye cheti cha kidato cha nne au cha sita kutoka Tanzania anayetaka kusoma Bujumbura ni lazima kwanza apate ulinganisho wa cheti hicho kutoka tume inayohusika katika wizara ya elimu. Vivyo hivyo, mwenye diploma ya Burundi anayekwenda Kigoma au Dar es Salaam hupitia Baraza la Mitihani la Tanzania. Mimi nilirudi mwaka 2009 na cheti changu cha ualimu, nikakaa muda mrefu nikifundisha kwa mkataba huku nikisubiri ulinganisho. Nilikosea kwa kusubiri nikiwa nimekaa. Anayevuka na afuatilie karatasi hiyo kabla masomo hayajaanza. Wako wanafunzi walioingia darasani kwa ahadi kwamba "cheti kitafuata," na wakafika mwaka wa mwisho kabla hakijafuata.

Aidha, ukubwa wa karo kwa mwanafunzi wa Jumuiya hutofautiana chuo na chuo. Dawa ni kuuliza kwa maandishi, kujibiwa kwa maandishi, na kutunza jibu. Laiti nami ningeitoa barua yangu sandukuni!

Kabla ya kulipa faranga ya kwanza

Vyuo binafsi vimeongezeka sana Burundi, na vimewasaidia wengi. Hata hivyo si kila ubao uliopigwa rangi ni chuo kikuu. Sheria ya mwaka 2011 ilipanga upya elimu ya juu nchini na kuleta mfumo wa shahada wa ngazi tatu, ambao sasa unahesabu krediti badala ya miaka tu. Tume ya Kitaifa ya Elimu ya Juu ndiyo inayochunguza vyuo na masomo yanayofundishwa. Mzazi anapaswa kuuliza maswali mawili, si moja: je, chuo kinatambuliwa? Na je, somo hili analotaka mtoto wangu, hapa katika chuo hiki, linatambuliwa? Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake mpya isiwe bado.

Baada ya hapo, mtoto aombe kanuni za ndani za chuo. Nimeuliza wanafunzi wengi wa huku wanaokuja likizo kama wamewahi kuzisoma. Wengi hawajawahi hata kuziona. Humo ndimo mlimoandikwa siku ngapi mwanafunzi anaruhusiwa kukata rufaa baada ya matokeo, nani anamwadhibu, na kama anayo haki ya kusikilizwa kabla ya adhabu. Siku hizo zikipita, haki imepita nazo, hata kama kosa ni la chuo.

Risiti za minervali zitunzwe zote mpaka diploma ipatikane, tena zipigwe picha kwa simu, kwa sababu wino wa risiti nyingi hufutika. Wengi wetu tulijifunza thamani ya karatasi mbele ya Tume ya Ardhi, ile CNTB iliyoundwa mwaka 2006. Tuliona mwenye hati ya baba yake akisikilizwa, na mwenye kumbukumbu tu ya mwembe na mto akizungushwa. Tusingoje watoto wetu wajifunze kwa namna ile ile.

Malalamiko nayo yana ngazi: mwalimu wa somo, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, rekta, kisha wizara. Anayeruka ngazi hurudishwa chini. Ikiwa chuo ni cha umma na ngazi zote zimeshindikana, ipo ofisi ya Ombudsman, iliyoanza mwaka 2010, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya utawala wa umma. Barua ya mfano ni ile ile ya binti yetu: fupi, yenye tarehe, isiyo na matusi, na nakala yenye muhuri.

Jambo wasilolisema mabinti

Liko moja ambalo wazazi hatulizungumzi kwa aibu. Ni mwalimu anayemwambia msichana kwamba maksi zake zitapatikana nyumbani kwake au hotelini. Sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inalihesabu jambo hilo kuwa ni kosa la jinai. Burundi ilipitisha mwaka 2016 sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia. Kwa hiyo si "mambo ya wakubwa" tena. Ni kosa.

Msichana aliyetoka kijijini, baba hajui Kifaransa, mama yuko sokoni toka alfajiri, ndiye anayewindwa kwanza, kwa sababu anayemwinda anajua kwamba hana wa kumwambia. Tunaweza kuuondoa udhaifu huo bila kwenda shule. Mama amwambie binti yake mapema, kabla hajapanda Probox ya Bujumbura: likikupata neno la namna hiyo, utaniambia mimi, na sitakulaumu. Ujumbe wa simu usifutwe. Shahidi atafutwe. Na asiende ofisi ya mwalimu peke yake jioni. Aende na mwenzake.

Tufanye nini mwambao huu

Sisi wa mwambao tuna vyama vya wavuvi, vyama vya mawese, na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Samaki wetu wana chama. Watoto wetu waliopo vyuoni hawana. Si lazima kianzishwe chama kikubwa chenye bendera. Inatosha wanafunzi wa Rumonge na Nyanza-Lac walioko Bujumbura wajuane kwa majina, wapya wapokewe na wa zamani, na huku nyumbani wawepo watu watatu au wanne wanaojua makaratasi, mzazi akiwa na shida awafuate. Mimi nimekwisha kuanza, pamoja na mwalimu mwenzangu wa Kifaransa. Kila Jumamosi alasiri tuko shuleni. Wiki iliyopita walikuja wazazi wanne. Mmoja alileta barua iliyokaa miezi mitatu ndani ya Kurani, kwa kuogopa kilichoandikwa ndani. Ilikuwa ya kumpongeza mtoto wake.

Sisemi wanafunzi wana haki bila wajibu. Mwanafunzi asiyehudhuria, anayenakili, anayelipa mtu amwandikie kazi, huyo anaichafua barua ya mwenzake aliyeonewa. Wahadhiri nao wana shida zao. Wengine hufundisha makundi makubwa na kusahihisha usiku kucha, na karatasi sita zinaweza kupotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Ndiyo maana barua yetu haikumshutumu mtu. Iliomba karatasi itafutwe tu.

Binti yuko mwaka wa pili sasa, na wenzake wamemchagua kuwa mwakilishi wa darasa. Mama yake aliponiletea habari hiyo alikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu, niliiona usoni.

"Mwalimu, si ndio jina lake litakuwa mbele kwenye kila orodha?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba ndiyo, litakuwa mbele. Alikaa kimya kidogo, akatazama ziwani, upande wa milima ya Kongo. Kisha akafungua mkoba wake wa sokoni, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri. Ndani yake zilikuwamo risiti zote za mtoto, tangu ya kwanza, na nakala ya ile barua yenye muhuri.

"Basi nitunzie na hizi," alisema. "Kwangu kuna panya."